Re: Kile kikanisa cha makuti Malindi ni cha Anglikana?

Ndugu yangu, umeuliza kama kile kikanisa kidogo cha karibu na bahari hapa Malindi ni cha Anglikana. Hapana, kile ni cha Wareno, Wakatoliki wale, na Mtakatifu Francis Xavier alipita Malindi 1542 akienda India akamzika baharia mmoja hapa. Waanglikana walikuja baadaye sana, mmisionari Krapf wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, alifika Mombasa 1844, na yeye mwenyewe alikuwa Mjerumani Mlutheri, sasa si unaona maajabu hayo!

Kama unataka kanisa kongwe la Kianglikana lenye kisa, panda chombo uende Unguja pale Mkunazini. Lilianza kujengwa 1873 kwa mawe ya matumbawe palepale palipokuwa soko la watumwa, manake soko lilifungwa mwaka huohuo, na madhabahu iko pale wanaposema ulikuwa mti wa kuchapiwa watumwa. Msimamizi alikuwa Askofu Steere, yule fundi wa Kiswahili, na wanasimulia kwamba alisafiri kidogo mafundi wakasimamisha nguzo kichwa chini miguu juu, aliporudi akaziacha hivyohivyo, mpaka leo ziko. Mi hapo ndo huwa nacheka, fundi ni fundi tu! Steere alikufa 1882, kaburi lake liko nyuma ya madhabahu.

La karibu kuliko Unguja ni lile la Kianglikana la Mombasa la 1905, lina kuba na matao, ukiwa mbali utadhani msikiti.