Stonwea jikoni: anza na mchuzi wako, kabati baadaye

Dada, umeuliza kama ununue seti nzima ya stonwea (vyombo vya udongo vilivyochomwa kwa moto mkali) nyeusi isiyong'aa iende na kabati zako za mbao na kaunta ya kijivu, au uchanganye na sahani za maua ya samawati alizokuachia bibi. Mimi nasema changanya, na hiyo seti nyeusi iache dukani.

Kwanza, maji. Nyumba nyingi hapa Mombasa, kwangu ikiwemo, huoshea vyombo maji ya kisima, na yana chumvi. Sahani nyeusi isiyong'aa ikijikaukia yenyewe inabaki na mabaka meupe, ukiifuta inabaki na ukungu. Mafuta ya vidole yanaonekana, mkwaruzo wa kijiko unaonekana. Kwa nyumba inayopika kila siku, rangi hiyo itakuchosha.

Pili, na hili ndilo kubwa, ni chakula chetu. Sahani nyingi za stonwea zinazouzwa siku hizi ni bapa, ukingo umeinuka kidogo tu. Pakua wali wa nazi na mchuzi wa samaki humo uone: ukianza kukusanya tonge, punje zinasukumwa hadi ukingoni na mchuzi unafuata mezani. Anayekula kwa mkono anahitaji ukuta wa kuegemeza wali. Tafuta sahani pana yenye kina, ukingo uliosimama kiasi cha upana wa kidole gumba. Hiyo hiyo itapokea biriani, mbaazi na hata pilau na kachumbari, na kwa kuwa stonwea ni nene, chakula hakipoi upesi.

Rangi ya hizo sahani kubwa iwe nyeupe ya tui, yenye vidoa vya kahawia ukipenda. Vile vidoa aghalabu ni chembe za chuma zilizomo udongoni, na vinachukuana vizuri na mbao. Ila chunga jambo moja. Kauri ya bibi kwa kawaida huwa na weupe wa baridi, unaoelekea samawati. Ukiiweka ubavuni mwa weupe wa tui, hii ya tui itaonekana imechakaa hata kama ni mpya. Kwa hiyo usichanganye sahani kubwa kwa sahani kubwa. Sahani kubwa zote ziwe stonwea. Za bibi zibebe mahamri, tende, matunda. Halafu nunua bakuli chache za stonwea za rangi ya nili. Hizo ndizo zitakazounganisha meza, maana nili inaitikia yale maua ya samawati na papo hapo inakaa vyema juu ya kaunta ya kijivu.

Mchanganyo wa namna hii pwani ni wa zamani. Ingia makumbusho ya Fort Jesus utazame vyombo vilivyochimbuliwa, pamoja na vya Gedi, ule mji wa kale uliobaki magofu karibu na Malindi: kauri za Uchina za samawati na nyeupe, na nyingine za kijani kilichopauka. Wenye nyumba za kale walipanga vyombo vilivyotoka mbali kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, juu ya ukuta mweupe wa chokaa. Rangi zilikuwa chache, na ndiyo maana zilielewana. Nawe usizidishe tatu.

Dukani usitazame picha ya kwenye boksi. Geuza sahani. Stonwea huchomwa kwenye joto la nyuzi 1,200 hadi 1,300 hivi za Selsiasi, na udongo wake hukaza hadi karibu hauingizi maji. Dondosha tone la maji pale chini pasipopakwa glezi, yaani ule utando wa kioo. Likinywewa upesi, huo ni udongo uliochomwa kwa moto mdogo, vyovyote utakavyoitwa. Igonge kwa kifundo cha kidole: nzima inalia, yenye ufa inatoa sauti ya kufa. Iweke juu ya meza uone kama inayumba. Ndani chagua inayong'aa, kwa sababu glezi isiyong'aa huachwa na mistari ya kijivu ya vijiko, na bizari ya manjano huganda humo.

Kama umependa zile ambazo rangi zimejichanganya zenyewe kwenye tanuri, nunua na za akiba siku hiyo hiyo. Mzigo mwingine hautalingana nazo.

Sasa kabati. Stonwea ni nzito, na rafu za mbao za kubandika hufura kwa unyevu wa pwani, kisha hupinda katikati. Weka sahani kubwa rafu ya chini, rundo fupi fupi, karibu na nguzo za pembeni. Kile kikanyagio cha chini kisicho na glezi, yaani duara ambalo sahani hukalia, kikauke kabisa kabla hujapanga, la sivyo kitashika harufu ya uvundo. Pia kina ukali wa msasa, kwa hiyo tia kipande cha kitambaa kati ya sahani na sahani. Leso kuukuu inatosha. Za bibi zipe rafu yao peke yake, na stonwea isikae juu yake hata kwa muda mfupi.