Watoto wako Minneapolis, kesi ifunguliwe wapi?

Shikamoo Shangazi. Mimi na mama watoto tumeishi Houston miaka sita. Mwisho wa Machi alichukua watoto wetu wawili akaenda kwa dada yake Minneapolis, eti kupumzika. Sasa ni Julai, ameshawaandikisha shule, na anasema kesi ya malezi itasikilizwa huko huko waliko watoto. Wazee wananiambia nisubiri, hasira zitapoa. Mimi nawaza nihame niwafuate.
Baba Salma, Houston

Marahaba, Baba Salma. Wazee wasuluhishe, sina ugomvi nao. Ila wewe fungua kesi Houston sasa, na usihame.

Texas, jimbo la Houston, na Minnesota, jimbo la Minneapolis, zinafuata sheria ya mfano, yaani iliyoandikwa ili kila jimbo liipitishe, iliyotungwa 1997, kwa sababu wazazi walioshindwa kesi kwa jaji mmoja walikuwa wakimbeba mtoto kwenda kujaribu jimbo jingine. Haiulizwi mtoto kalala wapi jana. Inaulizwa aliishi wapi miezi sita mfululizo kabla ya kesi kufunguliwa. Minnesota haijatimiza miezi hiyo. Texas, maadamu wewe bado unaishi hapo, inabaki na kesi hadi miezi sita tangu watoto waondoke, yaani mwisho wa Septemba. Ukihama kabla ya kufungua, umeiachia mwenyewe. Ukichelewa, mwenzio atafungua Minneapolis na atakuwa sahihi.

Nilipokuwa mkalimani mahakamani, karatasi iliyowatoa watu jasho ni hati ya kiapo inayotaka anwani zote za mtoto kwa miaka mitano, na majina ya aliokaa nao. Sisi tunaohama nyumba kila mkataba ukiisha, tena miezi mingine tuko kwa binamu! Tafuta mikataba ya nyumba, ripoti za shule, kadi za chanjo. Tarehe usibahatishe.

Wala msidanganyane kwamba mkikubaliana wawili basi Minnesota inapata mamlaka. Haipati kwa makubaliano tu. Kesi zikifunguliwa pande zote mbili, majaji wenyewe huwasiliana.

Kama aliondoka kwa sababu ya kipigo, jaji wa Minneapolis anaweza kuwalinda kwa muda, leo hii. Hukuandika hilo. Wakili atakuuliza, mwambie ukweli.

Watoto nenda ukawaone, ila usiwavizie shuleni na kuwarudisha kimyakimya. Jaji atalisoma hilo kabla ya mengine yote. Na tiketi iwe ya kwenda na kurudi.