Kabla Hujaandika Programu-jalizi ya Kompaila

Wengi wanaoingia katika kazi hii huanza kuandika programu-jalizi, yaani kipande kinachopakiwa ndani ya kompaila ili kuiongezea uwezo, kabla hawajajua ni programu ipi hasa itakayoipakia. Amri ya gcc unayoiandika kila siku si kompaila yenyewe, yaani programu inayotafsiri msimbo. Ni kiendeshi kinachosoma machaguo yako, kikaamua hatua zinazohitajika, kisha kikaziita programu nyingine zifanye kazi: cc1 hugeuza msimbo wa C kuwa lugha ya asembla, as hutengeneza faili ya .o yenye msimbo wa mashine, na collect2 huiita ld, yaani kiunganishi, ili iunganishe vipande vyote. Programu-jalizi unayoitaja kwa -fplugin hupakiwa na cc1. Kwa hiyo huona funksheni, vigeu na aina za data, lakini haina mamlaka juu ya maktaba zitakazounganishwa, na ukiipa gcc faili za .o peke yake, haipakiwi kabisa.

Ndiyo maana ninakushauri uanze na gcc -### salamu.c. Chaguo hilo hukiagiza kiendeshi kichapishe amri zote ambazo kingezitekeleza, bila kutekeleza hata moja. Zisome polepole, kisha jiulize badiliko unalolitaka liko katika amri ipi. Clang, kompaila nyingine ya C, pia inalikubali chaguo hilo, ingawa mara nyingi hutaiona as, kwa kuwa Clang ina asembla yake ya ndani.

Badiliko likiwa la kiunganishi, huhitaji programu-jalizi. Kanuni zinazokiongoza kiendeshi cha GCC zimo katika maandishi ya kawaida, na gcc -dumpspecs huzionyesha. Andika faili yenye mstari wa *link: na chini yake + --fatal-warnings, kisha uitaje kwa -specs=, na kila onyo la kiunganishi litahesabiwa kuwa kosa. Iangalie sana ile alama ya kujumlisha pamoja na nafasi inayoifuata, kwani bila hiyo maandishi yako hayaongezwi kwenye kanuni ya awali bali huifuta yote; kwenye Linux, kinachopotea pamoja nayo ni agizo linalotaja programu ya kupakia maktaba za pamoja wakati programu yako inapoanza. Kwa Clang, machaguo ya kudumu huwekwa katika faili inayotajwa kwa --config.

Ukishathibitisha kwamba unachokitaka ni kuchunguza au kubadilisha msimbo wenyewe, hapo programu-jalizi ina nafasi yake. GCC ilianza kuzikubali katika toleo la 4.5, mwaka 2010, na hudai mambo mawili: kigeu kiitwacho plugin_is_GPL_compatible, ambacho kisipokuwepo kompaila hukataa kuendelea, na funksheni ya plugin_init inayorudisha 0 mambo yakiwa sawa. Ndani ya funksheni hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, ita plugin_default_version_check. Miundo ya ndani ya GCC hubadilika kati ya toleo na toleo, na programu-jalizi iliyojengwa kwa faili za vichwa (zile za .h) za toleo jingine inaweza kusoma kumbukumbu isiyo yake na kutoa majibu ya uongo bila kuanguka, jambo ambalo ni baya kuliko kuanguka. Faili za vichwa za toleo unalolitumia zimo chini ya saraka inayotajwa na gcc -print-file-name=plugin, iwapo zimesakinishwa.

Upande wa Clang, swali linalowasumbua wanaoanza ni kwa nini programu-jalizi imepakiwa bila kosa lakini haifanyi lolote. Aghalabu sababu ni getActionType, funksheni inayoieleza Clang programu-jalizi iendeshwe lini: usipoiandika upya, Clang husubiri programu-jalizi itajwe kwa jina kwa -Xclang -add-plugin. Ifanye funksheni hiyo irudishe AddAfterMainAction, nayo programu-jalizi itaendeshwa kila inapopakiwa, baada ya kazi kuu, yaani kukompaili kwenyewe. Usichanganye -add-plugin na -plugin, kwa sababu hilo la pili huchukua nafasi ya kazi kuu yenyewe, na faili ya .o haitatengenezwa.