Turufu huanza kazi kabla ya kura kupigwa

Mmeuliza wiki hii kama kura ya turufu (veto, yaani kura ya mmoja inayotosha kuzuia uamuzi wa wengi) hubadili matokeo tu, au hubadili pia jinsi wanachama wengine wanavyopiga kura. Naamini athari yake kubwa ni hiyo ya pili, tena huanza mapema, rasimu ikiwa bado inajadiliwa faraghani.

Chukua Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lenye wanachama 15. Kwa Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja huo, azimio lisilohusu taratibu za vikao linahitaji kura 9 za ndiyo, na lisipingwe na hata mmoja wa wale watano wa kudumu: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Anayeandika rasimu anaijua hesabu hiyo, hivyo hujiuliza kwanza nani kati ya watano ataizima. Kulaani kunageuka kusikitishwa, vikwazo vinaondolewa, na pengine rasimu haifiki mezani kabisa. Turufu zilizopigwa huhesabiwa na kuandikwa. Zilizotishiwa tu haziandikwi popote, nami naziona ndizo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayetakiwa kuzitolea maelezo.

Mwaka 1981 jambo hili lilionekana wazi katika kumtafuta Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambaye lazima kwanza apendekezwe na Baraza hilo. Kurt Waldheim, aliyekuwa madarakani, alitaka muhula wa tatu, China ikamzuia mara 16. Salim Ahmed Salim wa Tanzania naye akazuiwa na Marekani, duru baada ya duru. Wote wawili walipojiweka kando, nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Simshushi hadhi hata kidogo. Lakini tangu hapo kila serikali yenye mgombea inajua kwamba kupendwa na wengi hakutoshi. Lazima pia asichukiwe na yeyote kati ya watano. Mwaka 1996 Boutros Boutros-Ghali, Katibu Mkuu aliyetaka muhula wa pili, alipata kura 14 kati ya 15 na bado akaanguka, kwa kuwa ile moja ilikuwa ya Marekani.

Kuna pia kujizuia kupiga kura. Kwa mazoea ya Baraza, ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyakubali mwaka 1971 katika maoni yake kuhusu Namibia, mwanachama wa kudumu akijizuia hajatumia turufu. Urusi na China zilijizuia hivyo mwaka 2011 kuhusu kuruhusu nguvu za kijeshi Libya ili kulinda raia: azimio likapita kwa kura 10, na baadaye zote mbili zikalalamikia jinsi lilivyotekelezwa.

Si lazima turufu iitwe hivyo. Katika Shirika la Fedha la Kimataifa maamuzi mazito yanahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 15, hivyo inaweza kuyazuia.

Tangu Aprili 2022, turufu ikipigwa, Baraza Kuu, lenye nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa, hukutana ndani ya siku 10 za kazi kuijadili. Ni hatua nzuri, naiunga mkono kwa moyo wote, ila inamgusa tu aliyethubutu kunyoosha mkono hadharani. Ningependa mjadala huohuo ufanyike pia kwa rasimu zilizoondolewa kwa hofu ya turufu, na nchi iliyotishia itajwe kwa jina.