Makaa ya mawe huyeyushwa?

SWALI: Nimefasiri makala ya kisayansi nikaandika, "Kiwanda hicho huyeyusha makaa ya mawe na kupata mafuta bandia." Mhariri amepigia mstari mwekundu "huyeyusha" na "bandia" bila maelezo. Nimekosea wapi?

JIBU: Mhariri ameona sawasawa, ila angekutendea haki zaidi kama angeandika sababu pembeni.

Barafu huyeyuka, samli huyeyuka, nta huyeyuka. Nta iliyoyeyuka ukiiacha ipoe, huganda ikawa nta ile ile. Kitu hakijawa kingine, kimelegea tu. Makaa ya mawe hayaendi hivyo. Kwa njia ya Franz Fischer na Hans Tropsch, iliyobuniwa Ujerumani miaka ya 1920, makaa hupashwa moto mkali pamoja na mvuke na oksijeni ya kupimwa, yakawa gesi: hidrojeni na monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo huondolewa salfa, kisha hupitishwa kwenye kichocheo cha chuma au kobalti, na hapo ndipo inapoungana upya kuwa petroli, dizeli na hata nta. Sasolburg, Afrika Kusini, walifanya hivyo kuanzia 1955 hadi 2004. Ni makaa, kisha gesi, kisha mafuta. Hakuna kilichoyeyuka.

Ungeweza kujitetea kidogo kwa njia ya Friedrich Bergius, ya mwaka 1913. Yeye aliyasaga makaa, akakoroga unga wake kwenye mafuta mazito, akaupasha moto kwa shinikizo kubwa pamoja na hidrojeni, ukawa mafuta bila kupitia hatua ya gesi. Lakini hata hapo, ukipoza ulichopata hakirudi kuwa makaa.

Kitenzi chako ni "geuza". "Badilisha" si kosa, ila kina mtego: kubadilisha makaa kwa mafuta ni biashara ya watu wawili, kila mmoja na mzigo wake. Na "safisha" tuwaachie wenye mafuta ghafi.

"Bandia" ni neno lenye sura mbili. Meno bandia hayamdhuru mtu, yanatafuna. Noti bandia inakupeleka polisi. Likikaa na bidhaa ya kuuzwa, sura ya pili ndiyo hutangulia: msomaji akiona "dizeli bandia" atadhani imechakachuliwa, ilhali hii huendesha injini kama dizeli nyingine yoyote. Tunalo neno "sanisi", lile lililomo ndani ya "usanisinuru", lenye maana ya kuunda kitu kwa kuunganisha viambato. Wapo wanaosema "sintetiki", nami sigombani nao, ingawa sioni haja ya kukopa wakati ghalani kipo.

Basi andika: "Kiwanda hicho hugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta sanisi." Na hayo "ya mawe" usiyadondoshe hata sentensi ikirefuka. Makaa matupu, kwa wasomaji wengi, ni yale ya jikoni.