Anti, Desemba inanikaba koo

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, kazini ni Posta. Kwetu Masasi ila mume wangu ni Mchaga wa Rombo kwahiyo kila mwaka ikifika tarehe 20 lazima tupande kwao, na sio kwamba sipapendi, shida ni kabla hatujaondoka. Magrupu ya michango yapo sita kwenye simu, sendofu mbili, sijui kipaimara, wifi kaagiza kitenge, mashemeji wawili washafika kwangu tangu shule zifungwe wanalala sebuleni, na ofisini bosi anataka ripoti za kufunga mwaka. Usiku silali, nahesabu hela kichwani. Juzi nimempiga mwanangu kofi kisa kamwaga uji, nikajifungia chooni nikalia. Nataka tu nitulie anti, hata siku moja.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza uji unafutika, mwombe mtoto samahani, hilo tulimalize.

Nimesoma swali lako mara mbili nikaona kitu, umetaja wifi, umetaja bosi na mashemeji, ila mume umemtaja kama njia ya kwenda Rombo tu. Hizo hela unazohesabu usiku yeye anazihesabia wapi? Nahisi kila mtu anahesabu kimya kimya upande wake wa kitanda. Chukueni daftari la mtoto lililobaki kurasa, watoto wakilala kaeni kibarazani muandike Januari kwanza, yani ada, yunifomu, kodi kama inaangukia hapo, ndo mje kwenye nauli ya kwenda na ya kurudi (ya kurudi wengi wanaisahau, tarehe 3 tunapokea simu zao za kukopa), kinachobaki ndo cha vitenge na michango. Kikitosha michango miwili basi ni miwili, magrupu mengine andika "safari hii sitaweza, nawaombea heri" halafu zima mlio. Usieleze sababu, ukianza tu kueleza watakupangia na awamu za kulipa.

Mashemeji wana mikono, wape vyombo na kufua.

Na hapo Posta una bahati naona hujaishtukia. Ile bustani ya Botaniko jirani na Makumbusho ya Taifa ipo tangu enzi za Wajerumani, 1893, miti mikubwa, kivuli, tausi wanajizururia. Mchana beba hotpoti lako ukakae nusu saa, simu iache kwenye droo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe taratibu ukihesabu sita au saba, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu mapigo ya moyo yanapungua, mwili ndo ulivyoumbwa. Siku za mwanzo utajiona kichaa na kichwa kitakuletea kitenge cha wifi hapohapo, we rudi tu kwenye kuhesabu.

Halafu Kariakoo usithubutu tarehe za mwisho, nenda sasahivi, asubuhi maduka yanapofunguliwa.

Siku ya safari, mkipanda basi pale Mbezi omba siti ya dirishani kulia. Mkishapita Chalinze jua litakupiga mpaka unitukane, tundika kanga kwenye kioo uvumilie, maana ukikaribia Korogwe unaanza kuona mkonge, halafu milima ya Usambara inakuja upande huohuo, baadae Upare, unaangalia tu mpaka Mwanga. Masaa yote hayo hakuna wa kukutuma kitu. Watoto wakae na baba yao.

Ila kama mpaka katikati ya Januari usingizi haujarudi na bado unalia lia, nenda kamwone daktari, hata Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kwenda pale sio kwamba umechizika.

SWALI: Mambo anti, nimepanga Mbagala, jirani yangu kila wikiendi ya Desemba anatoa spika nje mpaka saa nane usiku. Nimegonga ukuta nimechoka.

JIBU: Poa mdogo wangu. Unagonga ukuta saa saba usiku mtu kashalewa, ataona unampigia ngoma. Mfuate Jumatatu jioni, na soda mbili baridi, muombe mwisho uwe saa nne. Akigoma mpeleke kwa mjumbe, ila soda yako usidai.