Kabla hujafungua grupu la ofisi, nunua daftari

Mzigo ulikuwa vigae, makontena mawili ya futi 20. Jumamosi, saa nne na dakika arobaini usiku, bosi akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Dakika nne na ushee. Alianza na lawama za risiti za mafuta, akahamia kwenye msiba wa jirani yake, akakohoa, na mahali fulani katikati, kwa sauti ileile ya uchovu, akasema kontena la pili lisiende Vingunguti, mteja kabadilisha, liende Mbagala. Kisha akarudi kwenye risiti.

Tulikuwa watu 14 mle ndani. Watatu tuliweka dole gumba. Mimi nilisikiliza mpaka dakika ya pili nikaona ni yaleyale, nikaweka dole langu, nikalala.

Jumatatu alfajiri dereva wetu wa siku nyingi, wote tunamwita Babu, akaniuliza mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya lori: "Mjukuu wangu, hili si la Mbagala?" Babu anatumia kitochi, hayumo grupuni. Mteja alikuwa amempigia mwenyewe Jumapili, maana wanafahamiana. Nikamjibu bila kunyanyua macho kwenye simu: "Hapana Babu, grupuni ni Vingunguti." Akaniangalia kidogo. "Haya. Nyie wa grupu ndio mnajua."

Vigae vikashushwa Vingunguti mpaka katoni ya mwisho. Jioni mteja akapiga. Kuvihamisha kulitaka makuli wapya, malori ya kukodi, na kila katoni iliyopasuka njiani ikawa yetu. Hasara ikaingia kwenye ofisi, maneno yakaingia kwangu.

Nimefanya kazi za utawala kwenye uwakala wa forodha Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na nikiulizwa ni kitu gani kimebadilisha ofisi zetu zaidi ya kompyuta, sitafuti jibu mbali. Ni grupu. Tunalichukulia kama ubao wa matangazo, kumbe ndiyo ofisi yenyewe: lina mlango, lina anayeshika ufunguo, lina viti vya mbele, na lina watu waliobaki barazani.

Angalia ilivyokuwa kwetu. Kwenye karatasi kulikuwa na mkurugenzi, meneja, mhasibu, na sisi wengine kwa ngazi zetu. Grupuni ngazi zilipangwa upya na kasi ya vidole. Binti wa mapokezi alikuwa anajibu kabla ya mtu yeyote, kwa hiyo bosi akazoea kumuuliza yeye: mzigo umefika wapi, karatasi za nani hazijakamilika. Baada ya mwaka alikuwa ndiye meneja wa shughuli zote, kwa mshahara uleule wa mapokezi. Na Babu, aliyekuwa akiijua bandari kuliko sisi wote, alishuka chini ya tarishi kwa sababu ya kitochi. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Ukitaka kujua ofisi yako inaendeshwa na nani sasa hivi, fungua grupu uone nani akiandika watu wanaitikia, kisha hesabu nani hayumo kabisa.

Baada ya vigae nilinunua daftari kubwa, lile la kurasa ngumu. Ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka huu peke yake unatosha: agizo lolote linalohamisha fedha au mzigo liandikwe kwa maneno, mstari mmoja, lenye jina la mtu wa kulitekeleza, na kabla ya saa tatu asubuhi lihamie daftarini. Lisilokuwemo daftarini halijaagizwa, hata kama limesemwa na bosi kwa sauti ya dakika nne. Bosi alinuna wiki mbili. Siku alipotafuta nani aliruhusu malipo fulani akayakuta kwenye ukurasa na saini, akaacha kununa.

Wale wasiomo grupuni, wapigie. Usiseme "atamsikia fulani". Na kama unataka watu wawemo, nunua bando. Nimeona ofisi inamkata mtu pesa ya siku kwa kuchelewa taarifa iliyotumwa saa moja asubuhi, wakati bando lake liliisha usiku na halikuwa la ofisi. Huo ni uonevu, hata kama umefanywa kwa tabasamu.

Halafu kuna grupu la pili. Lipo. Hata kwako lipo. Wafanyakazi wote isipokuwa bosi, na kama wewe ni msaidizi wa bosi basi isipokuwa wewe pia. La kwetu nililigundua kwa skrini shoti niliyotumiwa kimakosa, na kosa langu kubwa likawa kuanza kuuliza nani admini wake. Wiki hiyo hakuna aliyenisemesha zaidi ya salamu. Baadaye mmoja akaniambia mle ndani wanapeana habari za foleni getini, nani anaumwa, nani amshikie mwenzake zamu. Zile kazi zilizokuwa zinaenda zenyewe bila mimi kujua kwa nini, zilikuwa zinapangwa kule. Liache. Wakikusema humo, ujue walikuwa wanakusema hata enzi za chai ya saa nne.

Septemba 2007 wafanyakazi wa IBM nchini Italia, wakiwa kwenye mvutano wa malipo, waliandamana ndani ya Second Life, ule ulimwengu wa kwenye kompyuta ambamo mtu anatembea kwa umbo la katuni. Niliposoma habari hiyo miaka iliyopita nilicheka sana: mgomo wa vikatuni! Kisha mwezi mmoja mshahara wetu ukachelewa. Bosi akaandika grupuni asubuhi, "Habari za kazi wapendwa." Tiki zikageuka bluu zote. Kimya. Akaandika swali la mzigo. Bluu, kimya. Watu wapo mezani, kazi inafanyika, ila hakuna anayeandika neno. Hakukuwa na bango wala kiongozi wa kumfukuza. Siku ya tatu mshahara ukatoka na grupu likajaa "Asante bosi" na maua. Tangu hapo sicheki tena vikatuni. Ukiona grupu la ofisi limenyamaza ghafla, usiandike tena. Nenda kakae nao mkazungumze.

Kuhusu usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, na za ziada zinalipwa angalau mara moja na nusu. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi, tangu Januari 2017 sheria yao inatambua haki ya mfanyakazi kuzima simu ya kazi. Huku kwetu "Mpo?" ya saa tano usiku hakuna anayeihesabu. Nilijaribu kulifunga grupu saa mbili usiku, maana mpangilio huo upo: wanabaki kuandika maadmini tu. Bahati mbaya msumbufu wetu ndiye admini. Kilichosaidia ni kumwomba ajiandikie mwenyewe usiku, kisha atutumie asubuhi. Anasahau kama mara mbili kwa mwezi, tunamsamehe.

La mwisho lilituuma vibaya. Afisa mmoja aliacha kazi. Kwenye simu yake binafsi zilibaki picha za vitambulisho vya wateja, vyeti vya TIN, bili za mizigo, na mazungumzo ya miaka mitatu. Wateja walikuwa na namba yake, si yetu, kwa hiyo wengine waliondoka naye bila hata kujua wamehama kampuni. Hakuiba kitu. Sisi ndio tulimwachia ofisi mfukoni. Sasa tuna laini ya ofisi kwenye WhatsApp Business, simu yake inalala kwenye droo ya mhasibu, na nyaraka za mteja hazipiti kwenye laini ya mtu. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Mei 2023, na kitambulisho cha mteja kinachozurura kwenye simu za watu 14 ni kesi inayosubiri mlalamikaji. Fanya hilo leo, kabla ya mtu kuandika barua ya kuacha kazi.

Babu tulimnunulia simu janja mwaka jana, tukamwingiza grupuni kwa shangwe na picha za keki. Siku ya nne akanifuata na simu mkononi kama ameshika samaki aliyeoza. "Mjukuu wangu, nitoe humu. Chaji inaisha saa sita, na mteja akinipigia hanipati." Nikamtoa. Kila asubuhi kabla lori halijawaka namsomea daftari, naye ananiambia palipokosewa.